Mstari wa Chokaa

Nchi ya Mizanini haimo katika ramani, na wenyeji wake hawajawahi kulalamika, kwa kuwa wao wenyewe wanajua ilipo. Aliyetuletea habari zake ni Bi Mashavu binti Haji, mkunga, mwanamke wa miaka hamsini na mitano, mfupi, mnene wa kiasi, mwenye mdomo uliomponza mara nyingi. Alikuwa safarini kwenda kwa binti yake Mwanawetu, aliyebakiza mwezi mmoja na nusu kujifungua mimba yake ya kwanza, na namna alivyopotea njia hata akatokea Mizanini ni habari ndefu isiyomfaa mtu. Itoshe kusema alifika asubuhi moja na kikapu cha ukindu, ndani yake chupa ya mafuta ya nazi, wembe mpya uliofungwa katika karatasi, kanga mbili, na vumbi la siku tatu.

Mji ulimpendeza. Njia zilikuwa zimefagiliwa, watu wanasalimiana bila haraka, na hakuna aliyemkodolea macho ijapokuwa alikuwa mgeni. Alipokunja kona ya kwanza akakuta jiko la makuti linawaka moto. Kando yake walisimama majirani wapatao ishirini, kila mmoja na ndoo iliyojaa maji, na hakuna aliyekuwa akimwaga. Walikuwa wametulia kabisa, kama watu waliokwenda kutoa mkono wa pole. Mwanamume mmoja mwembamba mwenye koti jeupe alikuwa akilizunguka lile jiko kinyumenyume, ameinama, akichora mstari wa chokaa ardhini kwa burashi.

Bi Mashavu hakuuliza. Alimpokonya jirani ndoo akaenda mbio, na yule mwembamba akamshika mkono kwa adabu.

"Samahani, mama. Umeshachorwa."

"Nini kimechorwa?"

"Moto. Ungefika kabla sijaunganisha mstari, ungemwaga, na mimi ningekusaidia."

Jiko likaanguka. Majirani wakashusha pumzi, wakamwagia maji yao maua ya kando ya njia, wakarudi majumbani kwao. Mwenye jiko naye aliwashukuru kwa kuja.

Yule mwembamba aliitwa Mcha, na kazi yake ilikuwa Karani wa Mstari wa mtaa ule. Alifurahi kupata mgeni wa kumweleza mambo, kwani wenyeji walikwisha kuyajua. Sheria ya kwanza ya Mizanini, alisema, ni fupi: linalomshinda mtu ni la mungu. Zamani, kabla ya sheria hiyo, kila msiba ulizaa ugomvi. Mtoto akitumbukia kisimani, watu walishikana mashati mwaka mzima: nani alikuwa karibu, nani aliona, kwa nini hakuruka. Wazee wakachoka. Wakaamua kwamba pakitokea jambo lililozidi kadiri ya mtu, karani ataitwa, atalizungushia mstari, na kuanzia hapo ni jambo la mungu peke yake. Mtu haingii.

"Na nani anajua kama limezidi kadiri?"

"Karani," alisema Mcha. "Kuna kitabu. Lakini kwa kweli ukizoea unajua kwa macho tu."

"Hamwingii hata kama mnaweza kuokoa?"

"Mama, tangu mstari uanze, hakuna mtu Mizanini aliyemlaumu mwenzake kwa msiba wowote. Hata mmoja. Kwenu mko hivyo?"

Bi Mashavu akakumbuka mambo ya kwao. Ndipo alipouliza huyo mungu anayeachiwa kazi zote hizo yuko wapi.

"Kwa sasa Kiti kiko wazi," alisema Mcha, kwa sauti ya mtu anayemwomba mgeni radhi kwa chai iliyopoa.

Hapo lazima tusimame kidogo, maana jambo hili la Kiti ndilo lililowafanya watu wa Mizanini wawe walivyo. Wao hawakutaka kuabudu kitu kwa kubahatisha. Waliunda Baraza la Uhakiki, lenye wahakiki saba, kazi yake ni kumpima kila anayedaiwa kuwa mungu na kumlinganisha na sifa zilizochongwa juu ya mlango wa Ukumbi: asiwe na haja ya kitu, asikosee, asibadilike, wala asiyumbishwe na kilio cha mtu. Baraza lilikuwa kali. Mfalme mmoja aliyedai uungu alipita siku mbili za mahojiano, ya tatu akapiga chafya, wakamtoa. Mto mkubwa wa kaskazini ulikataliwa kwa kuhama mkondo wake. Upepo haukujadiliwa kabisa, kwa sababu hakupatikana wa kuuleta barazani.

Mwishowe mhakiki mmoja alileta jiwe. Lilikuwa jiwe la kawaida, ukubwa wa mbuzi aliyelala. Walilihoji kwa wiki nzima. Halikuomba chakula wala maji, halikutoa jibu moja la makosa, halikubadilika, na walipomleta mjane alie mbele yake, halikuyumba. Likapita kwa kura zote saba, likakalishwa Kitini, na liliitawala Mizanini miaka arubaini. Mwaka jana, baada ya kiangazi kikali, lilipasuka katikati. Kupasuka ni kubadilika. Baraza likalistaafisha kwa heshima zote, na mke wa mlinzi wa Ukumbi sasa hutumia kipande chake kusugulia visigino.

Mcha alimpeleka Bi Mashavu Ukumbini, kwa maana wageni huandikishwa huko. Kiti kilikuwa mbele, kirefu, cha mninga, kitupu, kimezungushiwa mstari mnene kuliko yote aliyoiona mjini. Chini yake, juu ya mkeka, alilala mwanamke kijana, na mkeka wake nao ulikuwa na mstari, mpya, chokaa bado ina unyevu. Mumewe alisimama vidole vya miguu vikikaribia ile chokaa bila kuigusa. Jina lake Vuai. Mke aliitwa Salme, na alikuwa na uchungu tangu alfajiri ya jana.

"Nani anamhudumia?" aliuliza Bi Mashavu.

"Ameshakabidhiwa," alisema Mcha.

"Kwa nani?"

Mcha akakitazama Kiti, kisha akatazama ndoo yake ya chokaa.

Bi Mashavu alikuwa amewatazama wanawake wenye uchungu kwa miaka thelathini na mitatu, na hakuhitaji kusogea ili aone. Tumbo lilikuwa limekaa kwa upana badala ya urefu. Mtoto amelala kikingama. Mtoto wa hivyo hatoki mwenyewe hata ungoje mwezi, na akikaa sana huondoka na mama yake. Akauliza kama chupa ya uzazi imepasuka. Watu wakatazamana, hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza.

"Bado, mama," ilijibu sauti kutoka mkekani.

Ukumbi ukashtuka. Aliyekwisha chorwa hasemeshwi, na wengi walikuwa wamesahau kwamba anaweza kusema.

Vuai alimgeukia mgeni. Alikuwa kijana mpole, na midomo yake ilikuwa imekauka kwa kutokunywa maji tangu jana. "Mama, najua unachokifikiri. Usiingie. Ukiingia na yeye akafa, utakuwa umejifanya mungu, watakuchora na wewe. Hutapewa chakula, hutapewa hata salamu, mpaka ufe hapo ulipo."

"Na nikiingia asife?"

Vuai hakujua. Halikuwahi kutokea.

Bi Mashavu aliogopa, tusimpambe. Kwa mawazo alimwona Mwanawetu ameketi kibarazani anatazama njia, mwezi mmoja na nusu, na mama haji. Aliwaza kwamba huyu si mtoto wake, nchi si yake, sheria si yake, na kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, basi heri arejee mapema. Aliyawaza yote hayo huku mikono yake inafungua kikapu. Alipoishika chupa ya mafuta akajua kwamba shauri limekwisha, akavua viatu, akauvuka mstari.

Kilichofuata hakikuwa na muujiza wowote, na yeye mwenyewe amelisisitiza hilo kila alipohadithia. Alijipaka mafuta, akapapasa mpaka akakipata kichwa upande wa kushoto na matako upande wa kulia. Uchungu ulipokuja alitulia, akamfuta Salme jasho na kumwambia upuuzi wa kumchekesha. Uchungu ulipopoa na tumbo kulegea, alisukuma, mkono mmoja huku, mwingine kule, polepole, kama mtu anayegeuza chapati asiyotaka ichanike. Mara mbili mtoto alizunguka nusu, akarudi alikotoka. Mara ya pili Bi Mashavu alitoa tusi ambalo halikuwa limesikika mbele ya Kiti kwa miaka arubaini.

"Dume hili," alimwambia Salme. "Ukaidi huu ni wa dume."

Akaomba maji. Hakuna aliyethubutu, ila Vuai alikwenda akarudi na kata ya maji, akaiweka chini na kuisukuma ng'ambo ya mstari kwa mpini wa fagio, uso umegeukia ukutani. Bi Mashavu akanywa, akamnywesha na Salme. Mara ya tatu kichwa kilishuka kikakaa mahali pake. Mtoto alizaliwa baada ya alasiri, wa kike, amegeuka rangi ya samawati, kimya. Bi Mashavu akamtoa ute mdomoni kwa kidole, akamsugua mgongo kwa kanga, akamsugua tena. Mtoto akalia. Bi Mashavu naye akalia, kama alivyolia kwa kila mtoto tangu wa kwanza, na hajawahi kuona haya kwa hilo.

Alipoinua uso, Ukumbi mzima ulikuwa umepiga magoti. Mcha alikuwa amepiga magoti pamoja na ndoo yake.

Sheria ya kwanza ya Mizanini, ikumbukwe, husema kwamba linalomshinda mtu ni la mungu. Wanasheria walikuwa wameongeza ya pili kwa tahadhari tu, bila kutarajia kuitumia: afanyaye lililomshinda mtu, huyo si mtu. Kwa hiyo Bi Mashavu hakushtakiwa. Alitangazwa mtahiniwa wa Kiti, akapewa nyumba nzuri yenye godoro la sufi, na Mcha akaizungushia mstari. Akithibitishwa, alielezwa, atakalishwa Kitini, na hatatoka tena, kwani mungu anayekwenda na kurudi anabadilika. Aliuliza juu ya binti yake. Wakamwambia mungu hana binti. Wakamletea wali wa nazi na kuku, wakausukuma ndani kwa fagio.

Hata hivyo alilala vizuri. Alikwisha zisoma zile sifa mlangoni, na kama kulikuwa na kiumbe asiyekuwa nazo ni yeye. Baraza lililomtoa mfalme kwa chafya moja litamtoa yeye kabla chai haijachemka.

Asubuhi Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wahakiki saba waliketi kwenye busati. Mkuu wao aliitwa Jecha, mzee mrefu mwenye sauti ya chini na majoho yaliyopigwa pasi vizuri, ambaye tangu jiwe listaafishwe alikwisha wakataa watahiniwa kumi na mmoja. Kulia kwake aliketi Bi Tumu, mhakiki mwanamke, ambaye watu walimwogopa kuliko yeye.

Bi Mashavu hakungoja kuulizwa. "Wahishimiwa, mimi ni mkunga. Sifa ya kwanza, asiwe na haja. Jana niliomba maji nikanywa, na baada ya maji nikaomba choo. Mcha ndiye aliyenionyesha, aulizwe."

Mcha akathibitisha. Bi Tumu akaandika kitu, akasema, "Mungu akiomba maji, anatujaribu kama tutampa. Tulimpa. Sifa imetimia."

Bi Mashavu akadhani amesikia vibaya. "Nilisema mtoto ni dume. Akatoka jike."

"Ulituficha, ili tusijue kabla ya wakati."

"Nilitukana."

"Hatukulielewa neno lile. Huenda ni lugha ya juu."

"Mimi ninabadilika, mwenzangu. Nilikuwa mwembamba."

Watu wakatikisa vichwa kwa uchaji. Bi Mashavu akaanza kuogopa. Aliona kwamba wale watu, waliokuwa mabingwa wa kukataa, leo wamekuja na nia nyingine, na kwamba mtu akitaka kukuona mungu, hata kikohozi chako atakifanyia tafsiri. Akalitoa la mwisho, ambalo alidhani halijibiki.

"Sifa ya nne. Asiyumbishwe na kilio. Mimi nililia mwenyewe. Mmeniona nyote."

Bi Tumu hakuandika. "Ulilia," alisema, "kwa sababu sisi hatukulia."

Bi Mashavu akakasirika sasa, na hasira yake siku zote ilikuwa ya kutaka kutenda. Akasimama akanyoosha mikono yake mbele ya watu. "Leteni msichana yeyote mwenye vidole kumi. Nipeni siku chache nimfundishe kumgeuza mtoto. Akiweza yeye, na mwenzake akaweza, mtakuwa na miungu wangapi? Mtawapatia viti wapi? Hii ni kazi, jamani. Kazi ya mikono, inafundishika, kama kusuka ukili."

Alitarajia wafurahi. Badala yake hofu ilipita Ukumbini, akaiona kwa macho. Wanawake walijifunika mitandio. Mzee mmoja dirishani aliteremka akaondoka zake. Bi Tumu alikuwa amesimama, na sauti yake ya barazani ilikuwa imemtoka.

"Usiseme hivyo, bibi. Nakuomba. Mwanangu alilala mkeka ule siku tatu. Nilisimama pale pale aliposimama Vuai jana. Ukisema ni kazi ya mikono," akaitazama mikono yake, "mimi nilikuwa nayo."

Akaketi. Bi Mashavu naye akaketi. Aliwatazama wale watu mmoja mmoja, na sasa akaelewa kwamba karibu kila mmoja wao alikuwa amewahi kusimama mbele ya mstari. Hawakuwa wajinga. Walimtaka awe mungu ili waliokufa wawe wamekufa kwa haki. Aliwahurumia.

Jecha akatangaza mapumziko. Akamwita mtahiniwa katika chumba cha nyuma, ambamo palikuwa na meza, viti viwili na mtungi. Alimkaribisha kiti kwanza, yeye akabaki wima.

"Kabla sijawa mhakiki nilikuwa karani wa mstari," alisema. "Kama Mcha. Mke wangu alikuwa Mize. Siku yake ilipofika, kitabu kilisema limezidi kadiri. Ningeweza kumwita karani wa mtaa wa pili. Sikutaka mtu mwingine amwone vile. Nikamchorea mwenyewe." Akauweka sawa mfuniko wa mtungi. "Nilichora vizuri. Sikutetemeka. Alikuwa ananitazama wakati nachora, akaniuliza kama nimekula."

Bi Mashavu akamsogezea kiti cha pili.

"Ni miaka ishirini na minane. Nimekaa barazani miaka yote hiyo, hata jiwe likiwa Kitini, nikitafuta mungu ambaye ningemwambia: ulikuwa wewe, si mimi. Nakuuliza, si kama mhakiki. Angepona?"

Kulikuwa na jibu jepesi, na lilikuwa na huruma ndani yake. Angeweza kumwambia: hapana, baba, ya Mize yalikuwa yameandikwa. Ajenge uongo mdogo, mzee apumzike. Pengine hata akae kwenye Kiti chao, awafutie wote ile hatia, nao wamletee wali. Watu wengi wamekuwa miungu kwa hoja dhaifu kuliko hiyo. Lilimjia mpaka kwenye ulimi.

"Alikuwaje?" akauliza badala yake.

Jecha akamweleza. Alikumbuka kila kitu, saa kwa saa, kwa usahihi wa mtu aliyelirudia jambo kichwani maisha yake yote.

"Sijui, kaka yangu," alisema Bi Mashavu. "Hiyo ndiyo kweli. Nimezika akina mama tisa mikononi mwangu, na nawajua majina yao wote. Lakini walio hivyo, ukiwawahi, wengi hupona."

"Wengi."

"Wengi."

Mzee akakishika kiti mgongo. "Ukiwa mungu, mimi sikukosa."

"Najua. Na nikiwa mungu, mimi mwenyewe ni mmoja, nina kisukari, na nina miaka yangu. Nikilala, nani atavuka? Nikifa? Mtamngoja mwingine apotee njia?" Akamshika mkono, jambo ambalo kwao Mizanini halifanywi. "Kaka yangu, mimi sizijui sifa za Mungu. Ninamwogopa na ninamwomba, basi. Ninazozijua ni za mtu. Mtu ana haja, anakosea, analia. Na mwenzake akilia, humwendea. Nyinyi mmeichukua hiyo moja ya kumwendea mwenzenu mkamwachia mungu, mkabaki na zile nyingine."

Jecha akalinyoosha joho lake, akarudi Ukumbini. Bi Mashavu alimfuata nyuma bila kujua atasema nini, na amekiri kwamba aliomba dua zote alizozijua, na nyingine akazirudia.

Hukumu za Mizanini huwa ndefu, zina vifungu na rejea. Ile ilikuwa na maneno machache kuliko zote zilizowahi kutolewa. Mhakiki Mkuu alisimama mbele ya Kiti, si kwenye busati, akasema, "Baraza limemhakiki Mashavu binti Haji. Ni mtu." Akawageukia watu. "Ni mtu kama sisi. Kwa hiyo na sisi tungeweza."

Bi Tumu ndiye aliyeanza. Hakupiga kelele, alimtaja mwanawe kwa jina, mara moja, kisha tena, kisha ikawa kilio. Mwanamke wa nyuma yake akamtaja wake. Mwanamume mmoja alimtaja kaka yake aliyeanguka kisimani, na akasema kamba ilikuwa mkononi mwake. Mpaka adhuhuri Mizanini nzima ilikuwa inalia, misiba ya miaka arubaini kwa siku moja, na watu wakaanza kuulizana yale maswali ya zamani: ulikuwa wapi, uliona, mbona hukuruka. Wengine walishikana mashati. Wengine walishikana wakalia pamoja. Mcha alikaa kwenye ngazi za Ukumbi na ndoo yake ameikumbatia, na hakuna aliyekuja kumlaumu, wala yeye hakujua kama angependa waje.

Bi Mashavu alikuwa huru. Mstari wa nyumba yake uliachwa ukanyagwe, na mtu alimwonyesha njia ya kutokea. Usiku ule alifunga kikapu chake tayari kwa safari. Lakini alikuwa mtu mzima, na alijua kwamba kumwambia mtu ungeweza, kisha ukamwacha asijue namna, ni ukatili. Akahesabu siku za Mwanawetu kwa vidole, akaona zinaweza kukatwa kumi.

Asubuhi alipofungua mlango alikuta wanawake thelathini wamepanga foleni tangu mlangoni hadi barabarani. Mbele kabisa alikuwa Salme, kitoto kifuani, hajapona vizuri, na Bi Mashavu akamgombeza kwa kusimama. Akatoa mafuta, akatandika mkeka, akaanza kuwaweka mmoja mmoja, akiwatazama viganja, huyu anafaa, huyu apunguze nguvu. Bi Tumu alikuwa wa sita. Macho yake yalikuwa yamevimba, na mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yote.

Mwishoni mwa foleni, mbali kidogo na wanawake kwa heshima, alisimama Jecha. Hakuvaa joho. Bila joho alionekana mzee wa kawaida, bega moja limeshuka kuliko jingine.

"Na wewe, kaka yangu, una lipi?" aliuliza Bi Mashavu. "Kwetu hii si kazi ya wanaume."

"Kwetu haikuwa kazi ya mtu yeyote," alisema Jecha. Akatoa mikono yake kutoka nyuma, akainyoosha. Ilikuwa inatetemeka. "Nina miaka sitini na minne. Inafundishika?"

Bi Mashavu aliishika, akaigeuza, akaipapasa vidole kimoja kimoja kama anavyopapasa tumbo, wala hakufanya haraka.

"Kakate kucha kwanza," akamwambia. "Kisha urudi."

Mhakiki Mkuu akaenda kutafuta wembe.